Kitufe cha Mgeni Rasmi

"Akibonyeza hapo, mfumo mpya wa Linux utafuta kumbukumbu za viwanja vyote," Nyamizi alisema. "Sijazinakili bado."

Mkurugenzi wa ofisi ya ardhi hakumtazama. Alikuwa akinyoosha utepe mwekundu uliozungushwa kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi. Wiki mbili nzima Nyamizi, fundi wa kompyuta, alikuwa akiomba diski ya akiba ya kunakilia. Akaletewa utepe.

"Mgeni rasmi ameshafika. Yeye kazi yake kubonyeza tu. Mengine utarekebisha kesho."

"Nirekebishe nini kesho? Mtu akinyang'anywa kiwanja chake, ataonyesha nini?"

"Usituaibishe mbele za watu, Nyamizi."

Watu waliposimama kumpokea mgeni, Nyamizi aliinama kwenye seva, akachomoa diski yenye kumbukumbu na kuitia mkobani.

Mgeni alikata utepe, akabonyeza kitufe huku akitabasamu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kisha skrini kubwa ikaandika: HAKUNA DISKI.

Makofi yalififia. Mkurugenzi aligeuka taratibu, akanyoosha mkono. Nyamizi aliukumbatia mkoba kifuani. Diski ilikuwa bado ina joto.