Sauti ya Saumu Iliyo Kwenye Raba

Haya, kitendawili hiki hapa: mama gani amekaa jikoni anamenya vitunguu, na papo hapo anapita barabarani mara mia kwa siku?

Msihangaike, ni Saumu, binti yangu. Alikuwa akichana hip hop mpaka Ngamiani nzima inatikisa vichwa. Watengeneza viatu vya raba wakainunua sauti yake iwe tangazo. Sasa kila raba yao ikikanyaga chini, inachana mistari ya Saumu. Na siku hizi sauti ikishauzwa, mwenyewe haruhusiwi kuitoa tena, hata chumbani kwake. Akitamka neno moja, mitambo yao inalidaka, anafungwa. Kwa hiyo anatuongelesha kwa mikono, hata mwanawe Nuru, wa miaka mitatu.

Jana jirani yetu Mwanaidi alimrudisha Nuru kutoka sokoni.

"Bi Mkubwa, mjukuu wako anafuata raba zangu! Nikikimbia, naye anakimbia!"

Akacheka. Saumu hakucheka.

Leo nimempakata Nuru, na Saumu kakaa mbele yetu.

"Haya, mke mwenzangu, mama yako yuko wapi?"

Nuru akamtazama Saumu, kisha akanitazama mimi.

"Mwambie bibi. Mama yuko wapi?"

Saumu akajipigapiga kifua, midomo kaifumba.

"Subiri, mwanangu," nikamwambia Saumu, "atasema tu."

Nje akapita mtu kavaa raba. Nuru akachomoka mapajani, akaukimbilia mlango.

"Mama huyo anapita, bibi. Nifungulie!"