Anachemka

Mtandao ulimeza maneno ya kwanza ya Wol, na sauti yake iliporudi ilikuwa tayari katikati ya habari.

"...anachemka, boss. Tangu jana anachemka, na sasa anatapika maji."

Mutua aliiweka chini misumari aliyokuwa akimpimia mteja. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kumtoa katika kibanda hiki cha misumari na mabati hapa Lodwar, nacho ni kile kigari alichokopa pesa kukinunua, ambacho Wol alikiendesha Kakuma kubeba abiria. Injini ikinoki, gari hana na mkopo anao.

"Amechemka tena?"

"Sana. Anatetemeka mwili yote. Hapa wamejaribu, wameshindwa. Wanasema nimlete Lodwar leo, huko iko wale wakubwa. Wewe sema tu ndio, natoka saa hii."

Wol alikuwa Mdinka wa Sudan Kusini, na Kiswahili chake alikiokota barabarani kama wengi wa Kakuma. Kwake kila kitu kilikuwa mtu: gari alikula mafuta, mlango alikataa, simu alilala. Mwanzoni Mutua alimcheka. Siku hizi alimjibu vivyo hivyo, bila hata kutambua.

Lakini hao wakubwa walimchoma. Aliwajua. Ndio wale wa kampuni iliyomuuzia gari, wenye karakana iliyopigwa vigae, ambako kijana wa koti jeupe alimpokea kwa soda baridi. Gari lilipochemka mara ya kwanza walilipima kwa kompyuta, wakalilaza kwao, kisha wakalibadilishia kifuniko cha rejeta. Kifuniko tu, kitu cha kununua dukani na chenji ikabaki. Bili yao ilimkausha mate. Alipolalamika, kijana alimweleza kwa upole kwamba halipii kifuniko, analipia ujuzi wa kujua kwamba ni kifuniko. Huenda alisema kweli. Mutua alisikia wizi mtupu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Usimlete," alisema. "Wale wa koti jeupe ni wezi. Wakimpima tu, unalipa. Halafu watasema alale."

"Si alale tu, boss?"

"Kulala kwake nani atalipa?"

"Mimi. Utakuwa unanikata mshahara pole pole."

Mutua alikunja uso. Dereva gani hujitolea kulipa bila kosa? Bila shaka aliendesha rejeta ikiwa kavu, na sasa dhamiri inamsuta. Aliamua kuyaweka hayo hadi waonane ana kwa ana.

"Sikiliza. Mpe maji, mwache apoe kivulini. Usimsogeze. Ukimtoa hapo akichemka hivyo, utamuua njiani. Kesho nakuja na mtu wangu amwangalie. Anajua kuliko hao wote."

Wol alimshukuru. Alimshukuru mara mbili, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, na Mutua akarudi kwa misumari yake.

Alasiri Wol alipiga tena. Alisema maji anampa lakini yote yanarudi, na kwamba amekaa naye hapo hapo kivulini, hajaenda popote.

"Lakini amenyamaza, boss. Ile kelele alikuwa anafanya, hakuna."

"Akinyamaza ni vizuri," Mutua alisema. "Mwache hivyo."

Mtu wa Mutua aliitwa Shadrack, fundi wa kando ya soko, asiye na koti wala kompyuta, anayechukua ulicho nacho na kukusamehe usicho nacho. Kesho yake walipata lifti kwa lori la simiti. Njiani Shadrack aliyateta makampuni weee, namna yanavyokuita mteja mpendwa huku yakikuchuna ngozi. Mutua hakucheka. Aliona injini imekwisha, mkopo umebaki, na yeye kwenye misumari hadi uzeeni. Hata akitozwa kidogo, kidogo chenyewe hakuwa nacho.

Walilikuta gari kando ya nyumba ya Wol. Uani watu walikuwa wengi, wameketi chini, wakizungumza kwa sauti ndogo. Mutua hakutaka hata kuwasalimu kabla ya kujua hali ya gari lake.

Shadrack alifungua boneti. Rejeta ilikuwa imejaa. Mipira ilikuwa mizima, hakuna palipovuja. Akapiga stata, gari likawaka papo hapo. Aliliacha lingurume kwa muda mrefu, akiikodolea macho sindano ya joto, na sindano haikupanda.

"Hili halijachemka," alisema akishuka na spana yake mkononi. "Hata dalili sioni."

Hapo Mutua alipaswa kufurahi, lakini alipandwa na hasira. Kumbe amesafirishwa bure, abiria wamekwenda kwa wengine, na dereva wake amejikalia nyumbani na wageni. Akamwita kwa ukali.

Wol alitoka katikati ya watu, akaja taratibu, akampa Mutua mikono yake yote miwili.

"Nilifanya yote ulisema, boss," alisema. "Maji nilimpa. Sikumsogeza."

Mutua aliiondoa mikono yake. Akamwonyesha Shadrack kwa kidevu.

"Huyu ndiye mtu wangu. Amemwangalia, na anasema hana ugonjwa wowote."

Wol alimtazama Shadrack, kisha akaitazama spana.

"Hiyo ya nini, boss?" aliuliza. "Mtoto tumemzika asubuhi."