Machela Chini ya Baiskeli

Gwakisa alijitolea kwa amri ya mwenyekiti wa kijiji kuwahudumia Wazungu wa baiskeli mlimani Rungwe. Siku ya pili, gari la mizigo liliposimama ukingoni mwa korongo, alipanda kukaza mzigo.

Chini ya baiskeli za akiba aliiona machela ya zahanati ya kijiji chao, turubai lake likinuka grisi.

"Si mlisema haipo nilipoiomba? Mke wangu alikata roho mgongoni kwangu, njiani kwenda hospitali!" Gwakisa alifoka.

"Mzee, achana na hayo," alijibu afisa wa serikali aliyeongoza msafara. "Enzi za ruksa hizi, wageni wanaleta dola. Kaza mipira ya kufungia, baiskeli zisikwaruzike."

Gwakisa alichomoa panga. Akauvuta mpira mpaka ukawa mwembamba kama utambi.

"We mzee! Zitaangukia korongoni!"

"Machela inarudi kijijini, bwana mkubwa," alisema, akakata.