Waya Mahali pa Sensa

Tak, kimya, kisha tak. Mlio ulitoka chini ya boneti, na kila ulipokatika, Mwanatumu alihisi moyo wake nao unakatika. Kwenye kiti cha nyuma, bintiye Riziki alilala chini ya khanga iliyoloweshwa maji. Binti huyo alizaliwa bila jasho. Joto likimwingia halina pa kutokea. Kliniki ilikuwa ng'ambo ya uwanda wa chumvi, na AC ya gari ilikuwa imekufa.

“Ongeza gesi, fundi. Mafundi wote huongeza.”

“Ndiyo maana wateja hurudi kwao kila mara,” akasema Fundi Shebe, macho kwenye geji. “Gesi imejaa, dada. Sensa inayopima gesi ndiyo mbovu. Inadai gesi hakuna, basi kompresa, pampu ya AC, inazimwa.”

“Unayo nyingine?”

“Mpaka niagize. Kesho kutwa.”

Riziki alikuwa akihema, mashavu yamewaka. Shebe akamtazama, akachomoa plagi ya sensa, akaziunganisha ncha zake kwa kipande cha waya. Baridi ikaja. Uso wa fundi haukuchangamka.

“Sasa nisikilize. Sensa ndiyo mlinzi, nami nimemwondoa. Gesi ikizidi nguvu, hakuna wa kuizuia ila wewe. Ukisikia mluzi humo mbele, zima AC papo hapo, la sivyo bomba litapasuka.”

Mwanatumu alitia gari barabarani, akazima redio. Mbele yao barabara ilimeremeta, nyeupe, bila mti hata mmoja.

“Mama, unaogopa?”

“Naogopa. Lala, mwanangu. Nitasikiliza mimi, njia nzima.”