Mgonjwa wa Kuigiza

Kwenye semina ya maadili ya tiba, kila daktari alitakiwa kumweleza mgonjwa wa kuigiza kuhusu upasuaji wa uzazi mpaka aelewe na akubali kutia saini. Bila saini, hapati cheti.

Daktari Sengondo hakumkumbuka Bi Tunu, mgonjwa wa kuigiza aliyeketi mbele yake. Miaka tisa nyuma daktari huyo alimtoa kizazi mama huyo akiwa kwenye usingizi wa dawa, bila kumuuliza.

Alieleza vizuri, akampa kalamu.

“Sijaelewa, daktari. Rudia. Mimi sina haraka.”

Alirudia mara nne. Wenzake walienda kula, wakarudi. Shati lilimlowa jasho.

“Mama, hujaelewa wapi?”

“Hapo pa kizazi. Nikiamka nikakikosa, nimuulize nani?”

Ndipo daktari alipomtazama usoni. Bi Tunu aliifunika kalamu, akaichomeka kwenye kilemba chake, akasubiri.