Nyumba Kavu ya Bi Khairiya

Kwa mkono mmoja Bi Khairiya alikuwa akikamua tambara ndani ya ndoo. Mkono wa pili ulishika simu, na kwa kidole gumba kilichorowa akabonyeza neno KAVU.

"Mama, maji yashafika kwenye kochi," akasema bintiye, Fadhiya.

"Nyamaa. Kamua."

Kila mwezi mpevu, bahari ikijaa bamvu, ndivyo ilivyokuwa. Maji ya chumvi hupanda katika kisima cha zamani kilichomo uani, yakafurika, yakatambaa mpaka sebuleni. Mvua ikinyesha ndiyo balaa zaidi, maana paa lote humwagia uani humo humo. Palikuwa na tundu la kutolea maji njiani. Bi Khairiya aliliziba kwa saruji kwa mikono yake mwenyewe, watu wa Mji wa Kale wasije wakapata la kusema.

Na wangesema, hao! Tangu mradi huu wa simu uingie, mtaa mzima ulikuwa umepotewa na haya. Bahari ikijaa au mvua ikinyesha, kila nyumba hupokea swali: kavu au maji? Ukijibu maji, nyumba yako yageuka buluu kwenye ramani. Ukijibu kavu, yageuka kijani. Na ramani yenyewe kila mtu anaiona, hata aliyeko Maskati.

Mejumaa, jirani wa mkabala, hakutosheka na kujibu. Alipiga na picha: kabati la nguo limesimama majini na sidiria zaelea! Ati ili asaidiwe. Bi Khairiya alimcheka wiki nzima.

"Mwanamke mzima," alikuwa akisema, "kumwanikia ulimwengu sidiria zake. Hana hata chembe ya haya."

Kwenye mkutano wa kuuzindua mradi, yule kijana wao, Bramwel, alisimama na viatu vyake vya vumbi akaeleza kwamba taarifa hizi ni za wote, na kwamba kila jibu lina kazi mbili. Ya kwanza, kujua nyumba zinazohitaji msaada. Ya pili Bi Khairiya hakuisikia. Alikuwa amemgeukia jirani yake kumwonyesha viatu vile.

Yeye ramani alikuwa na haja nayo moja tu. Fadhiya alikuwa akiposwa na Fahmi wa mtaa wa pili, kijana mwenye adabu na kazi yake bandarini, na Fadhiya mwenyewe akimpenda. Shida ilikuwa mamake Fahmi. Mama huyo aliwahi kuvunja posa ya mwanawe wa kwanza kwa sababu aliona ukungu kwenye ukuta wa ukweni. Ukungu tu! Angeona kisima hiki kikitapika, ingekuwaje?

Lakini kwenye ramani, mitaa yote miwili, nyumba za kijani zilikuwa mbili tu. Moja ya Bi Khairiya. Moja ya mamake Fahmi.

"Unaona?" alikuwa akimwambia bintiye kila mara. "Sisi na wao. Hao wengine waache waogelee."

Alhamisi hii ndiyo siku wageni waliyopanga kuja, baada ya sala ya alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na bamvu nalo halikuchagua siku nyingine. Saa nne maji ya ndani yalikuwa yashalingana na kizingiti.

"Mama, tufungue mlango yatoke," Fadhiya akasihi. "Au tuwapigie, waje siku nyingine."

"Wakiniuliza sababu niwaambie nini? Yatashuka kabla ya adhuhuri. Tutapiga deki, tutafukiza udi, hakuna atakayejua. Au wataka nikuvunjie posa kwa mdomo wangu?"

Fadhiya akainama, akachota ndoo nyingine, machozi yakimlengalenga. Simu ikalia mara moja, mara mbili, mara tano. Bi Khairiya akaona jina la mradi, akasonya, akaitupa juu ya friji bila kuisoma. Nshawajibu, akawaza. Wanataka nini tena?

Hapo ndipo aliposikia sauti za watu njiani. Akachungulia katikati ya nondo za dirisha. Mamake Fahmi! Saa nne hii! Yuwaja mbele na mwavuli, na nyuma yake watu hawahesabiki, wanaume wamebeba vitu vilivyofunikwa nailoni, mtaa mzima watazama. Hofu na fahari zilimpanda pamoja. Posa yenye msafara! Mejumaa na aone.

"Karibuni, karibuni!" akaita dirishani, miguu ikimzizima majini. "Lakini si tuliagana alasiri, dada'angu?"

"Posa gani na mvua hii?" Mamake Fahmi alikuwa amelowa mpaka kichwani. "Fungua. Hujaisoma simu? Wazee na wagonjwa wote wapelekwe kwenye nyumba zilizo kavu."

Wanaume wakatua mizigo barazani na kufunua nailoni. Vilikuwa viti vya plastiki, na kila kiti kina mzee anayetetemeka kwa baridi. Wa mbele alikuwa mamake Mejumaa.

Mamake Fahmi akaegemea nondo, akashusha sauti.

"Walianza kuja kwangu, Khairiya. Usinicheke, nakuomba. Kwangu ni magotini. Mwaka mzima nimekuwa nikibonyeza kavu, niliona haya. Imebaki yako tu."

 Fadhiya ndiye aliyeondoa komeo, na maji yakatoka nje kuwalaki wageni.