Kioo cha Tatu

"Hii nayo kioo chake kina ukungu," alisema Mzee Shembilu, mchoraji wa ramani za nyumba, akaisukuma kando laptopu ya pili. "Nina nyumba ya kuchora wiki ijayo. Nipe mashine nzima."

Salha, muuzaji, akamletea ya tatu, yenye nguvu na kioo kipana kuliko zote dukani. Akachomeka flashi ya mzee, akafungua ramani aliyoichora mzee mwenyewe mwaka juzi.

"Ongeza mwanga, mwanangu."

Akaongeza.

"Kuza mistari."

Akaikuza mpaka ukuta wa sebule ukawa mnene kama kidole.

"Kuza tena."

"Imefika mwisho, mzee. Na mwanga umefika mwisho."

Mzee akainamia kioo hadi uso wake wote ukawa mweupe kwa mwanga. Akaweka kidole juu ya ukuta, akaufuata polepole, akaupita mlango, akafika pembeni, akarudi, akaupita tena.

"Hapa niliweka mlango," alinong'ona.

Salha akanyoosha mkono amwonyeshe, kisha akaurudisha. Kidole kilikuwa kimeanza kuuzunguka ukuta kwa mara ya nne.